Nani Alipie Dawa ya Mtu Mnene?

Wasomaji wetu wengi watashangaa kuona ya kwamba ukurasa huu, ambao kwa kawaida husema habari za shule, ndoa, bei za mazao na malezi ya vijana, leo wataka kusema juu ya watu wanene. Wengine watacheka. Twawaomba wacheke upesi wamalize, maana kicheko hicho chenyewe ni sehemu ya shauri tunalotaka kulieleza.

Shauri lenyewe latoka Marekani. Huko, mwezi Desemba 2003, ilitiwa sahihi sheria iliyoipa Medicare, yaani bima ya serikali kwa wazee waliotimiza miaka 65 na kwa baadhi ya watu wenye ulemavu, kazi mpya ya kulipia dawa ambazo mgonjwa huzinunua kwa cheti cha daktari. Kazi hiyo ilianza mwaka 2006. Lakini sheria ilitaja pia aina za dawa ambazo bima hiyo haitazilipia. Katika orodha hiyo zimo dawa za kuotesha nywele, dawa za urembo, dawa za kutuliza mafua na kikohozi. Na pamoja nazo zimo dawa za kupunguza uzito. Mtu mwenye kilo 150, ambaye hawezi kupanda ngazi za kanisa asisimame mara tatu kutafuta pumzi, amewekwa fungu moja na mwenye kipara anayetamani nywele. Na iko ajabu nyingine. Sheria hiyo hiyo iliacha mlango wazi kwa dawa za kumsaidia mtu aache sigara. Mvutaji akitaka kuokoka, mfuko wa wote umsaidie. Mnene akitaka kuokoka, shauri lake.

Hatusemi ya kuwa waliotunga sheria ile walikuwa watu wabaya. Walikuwa na sababu. Mwaka 1997 dawa moja ya kupunguza unene, fenifluramini, iliondolewa sokoni baada ya kuonekana kwamba yaharibu vali za moyo, na watu waliokuwa wakitafuta kupungua kilo kadhaa walijikuta na moyo mbovu. Baada ya mkasa kama huo, kuziogopa dawa za namna hiyo ilikuwa ni busara. Lakini busara ya mwaka 2003 si lazima iwe busara ya leo, kwani mambo mengi yamegeuka tangu hapo.

Mwezi Juni 2013 chama kikuu cha madaktari wa Marekani kilitamka ya kuwa unene uliokithiri ni ugonjwa. Mwezi Juni 2021 serikali ya huko iliruhusu dawa iitwayo semaglutidi, kwa jina la biashara Wegovy, itumiwe kutibu unene. Ni sindano ambayo mtu hujichoma mara moja kwa juma. Yaiga kichocheo kimoja cha tumbo kinachoupasha ubongo habari ya kushiba. Katika majaribio, walioitumia kwa majuma 68 walipungua, kwa wastani, karibu sehemu 15 katika kila 100 za uzito wao. Kisha mwaka 2023 yakatolewa matokeo ya jaribio jingine kubwa, la watu 17,604 wenye unene na maradhi ya moyo au mishipa ya damu: waliopata dawa walipungukiwa kwa kiasi cha moja ya tano na hatari ya kushikwa na moyo, kupata kiharusi au kufa kwa maradhi hayo, kuliko wale waliochomwa sindano isiyo na dawa. Hapo neno la urembo likakosa mahali pa kusimama.

Tangu Machi 2024 Medicare ikaanza kuruhusiwa kulipia dawa hiyo kwa wagonjwa wa moyo. Kwa unene peke yake, hapana. Maana yake ni kwamba moyo wa mzee sharti uugue kwanza, ndipo asaidiwe kuukinga. Mwezi Novemba 2024 serikali iliyokuwapo ilitaka kuisoma sheria upya ili unene wenyewe uhesabiwe kuwa ugonjwa. Aprili 2025 serikali iliyoifuata ikaliacha pendekezo hilo. Na Novemba 2025 serikali hiyo hiyo ikatangaza mapatano na makampuni mawili yanayotengeneza dawa hizi, Novo Nordisk ya Denmark na Eli Lilly ya Marekani, ili bei ishuke na baadhi ya wazee wapate kulipiwa. Na katika Bunge lao muswada wa kuifuta ile marufuku umeletwa tena na tena kwa zaidi ya miaka kumi. Yaonekana ni jambo linalowasumbua dhamiri, wala hawajui waliweke wapi.

Hoja ya wapinzani twataka kuieleza kwa haki, maana ndiyo ambayo wengi wetu tungeisema mezani nyumbani. Mimi, asema mtu mwembamba, naamka alfajiri, natembea kwa miguu, nala kwa kiasi na kufunga siku za kufunga. Jirani yangu ala mara tano kwa siku, anywa soda kama maji, na kwenda dukani hatua mia mbili aita bodaboda. Sasa sheria yataka tuweke fedha zetu katika kikapu kimoja, na humo zitolewe fedha za kununua dawa ya kufuta matokeo ya ulafi wake. Hii ni haki gani? Je, si kumtangazia kila mtu kwamba kiasi hakina faida, kwa kuwa mwenye nacho na asiye nacho watatozwa sawa?

Hoja hii ina nguvu, wala haifai kuipuuza. Imesimama juu ya nguzo mbili: kwamba unene ni tunda la ulafi, na kwamba aliyejiletea maradhi hana haki juu ya mfuko wa wenzake. Tuitazame kila moja.

Ulafi ni dhambi; kila mtoto aliyefundishwa Katekisimu anaujua kati ya vichwa saba vya dhambi. Lakini wazee wa Kanisa walipoueleza hawakutumia mizani. Papa Gregori Mkuu alisema mtu aweza kukosa kwa kula kabla ya wakati, kwa kutaka vyakula vya gharama au vilivyopambwa mno, kwa kula kupita kiasi, na kwa kula kwa pupa. Mtakatifu Thomasi wa Akwino, ambaye mapokeo yanasimulia kuwa alikuwa na mwili mkubwa sana, alifundisha ya kuwa ulafi hauko katika chakula chenyewe, bali katika tamaa isiyo na taratibu. Ikiwa ni hivyo, mwembamba aweza kuwa mlafi wa kupindukia, akila nyama peke yake chumbani huku watoto wake wakila mboga. Na mnene aweza kuwa mtu wa kiasi ambaye amefunga mara nyingi kuliko sisi tunaomcheka. Mwili hauwezi kutuonyesha tamaa ya moyo. Anayemtazama jirani yake na kuisoma dhambi katika kiuno chake, ajitwalia kazi ya padre muungamishi, tena bila ya kusikia maungamo.

Na elimu ya siku hizi yatuongezea tahadhari. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wazima 540 wa Denmark ambao tangu utotoni walilelewa na wazazi wasiowazaa. Swali lao lilikuwa jepesi: watu hawa wafanana unene na nani, na wale waliowalisha au na wale waliowazaa? Ikaonekana wazi kwamba walifanana na waliowazaa, na kwa wale waliowalisha hawakuonyesha mfanano wowote. Mtu alikula miaka mingi kutoka chungu cha mama wa kulea, na mwili wake bado ukafuata ukoo ambao pengine hakuujua hata kwa sura. Hatusemi, basi, kwamba mwanadamu hana hiari. Mbegu tuliyozaliwa nayo haikubadilika katika miaka 50 iliyopita, na hata hivyo unene umezidi sana duniani. Kilichobadilika ni shamba. Mafuta na sukari vimekuwa rahisi, kazi za mikono zimepungua, na magari yametuondolea safari za miguu. Lakini katika shamba hilo moja, wawili wakaao jirani hawaoti sawa. Kwa mmoja kujizuia ni kazi ya dakika, kwa mwingine ni vita vya mchana kutwa na usiku. Wa kwanza asijivune mno kwa ushindi wake.

Nguzo ya pili ndiyo iliyo nzito zaidi. Tuseme kweli mtu amejiletea mwenyewe, kwa uvivu na kwa meza yake. Je, amepoteza haki? Hapa twataka kuwakumbusha wasomaji jambo wanalolijua kuliko sisi, nalo ni vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Kila kaya hutoa kitu kidogo kila mwezi, na msiba ukitokea chama hununua sanda na jeneza na kulisha wafiwa. Mlevi akifa kwa pombe yake, je, wanachama hukaa barazani kupima ni vikombe vingapi alivyokunywa kabla ya kuinunua sanda? Na hospitali zetu za misioni, kijana wa pikipiki akiletwa usiku amevunjika mguu, huku ananuka konyagi, masista humfunga mguu kwanza, na maonyo huja baadaye, kama yapo. Mwenye ugonjwa wa zinaa hupewa sindano. Mvutaji wa miaka 40 hutibiwa pafu. Kama tungeupeleleza kila ugonjwa mpaka kosa lililouzaa, wodi zingebaki na watoto wachanga tu. Kwa nini basi mnene peke yake adaiwe cheti cha tabia njema?

Twadhani tunajua kwa nini. Kosa la mlevi laweza kufichwa Jumapili kwa shati safi, lakini la mnene, kama ni kosa, laonekana njiani na watu wote; na kile kinachoonekana ni rahisi kukihukumu. Inachekesha pia kukumbuka kwamba waliowafundisha Wamarekani kuuogopa unene ni watu wa bima wenyewe. Kampuni ya Metropolitan Life, kwa kuhesabu vifo vya watu waliokuwa na bima ya maisha, ilitoa katika miaka ya 1942 na 1943, na tena mwaka 1959, majedwali ya kuonyesha mtu wa kimo fulani yafaa awe na uzito gani. Ilikuwa ni bima ya maisha, si ya matibabu, twalikubali hilo. Hata hivyo, kwa kukadiria hatari na kutoza fedha, unene ulihesabiwa kuwa jambo zito zamani sana. Ilipofika zamu ya kulipa, ukaambiwa ni mambo ya urembo.

Mpaka hapa twasema bila kusita: sheria inayoutaja ugonjwa mmoja kwa jina na kuufungia mlango, kwa sababu iliyochanganyika na dharau, si sheria ya haki. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliyahesabu matibabu kati ya haki za mtu, pamoja na chakula, mavazi na makao. Wala hakuandika kwamba ni haki ya wembamba.

Lakini kufungua mlango ni jambo moja, na kulipa bei yoyote itakayotajwa ni jambo jingine kabisa. Hapa wale wanaopiga kelele kwamba bima zilazimishwe kulipa, basi, hutusahaulisha neno kubwa. Bei iliyotangazwa ya Wegovy huko Marekani ilipoanza kuuzwa ilikuwa karibu dola 1,349 kwa mwezi mmoja. Katika jimbo la North Carolina mfuko wa bima wa walimu na watumishi wa serikali ulizilipia dawa hizi, na katika mwaka 2023 zikaugharimu zaidi ya dola milioni 100. Tarehe 1 Aprili 2024 mfuko huo ukaacha kuzilipia kwa ajili ya unene. Walimu waliokuwa wameanza kupungua wakaachwa katikati ya safari. Ofisi inayolifanyia Bunge la Marekani hesabu ilikadiria, Oktoba 2024, ya kuwa kuifuta marufuku ya Medicare kungeiongezea serikali gharama ya dola bilioni 35 hivi katika miaka ya 2026 hadi 2034. Fedha hizo hazidondoki kutoka mbinguni. Hutoka katika mshahara wa mwalimu mwembamba na mwalimu mnene, na katika kodi ya mfagiaji wa barabara.

Tena dawa hizi hazifanani na kidonge cha malaria ambacho mtu hukimeza siku tatu akamaliza. Waliozichunguza waliona kwamba watu wakiiacha sindano, katika mwaka mmoja hurudishiwa karibu theluthi mbili za uzito waliokuwa wameupoteza. Ndiyo kusema atumie maisha yake yote. Uingereza, mwezi Machi 2023, taasisi inayoshauri hospitali za serikali iliipitisha semaglutidi kwa wanene walio katika hatari, lakini kwa muda usiozidi miaka miwili. Tumeifikiria sana busara ya miaka miwili, na hatujaiona. Ni kama kumpa mwenye shinikizo la damu vidonge mpaka apone kwenye karatasi, kisha kumnyang'anya.

Wajibu, basi, waishia wapi? Papa Pius XII, akisema na madaktari wa usingizi tarehe 24 Novemba 1957, aliwafundisha ya kuwa mtu kwa kawaida hupaswa kutumia njia za kawaida tu za kulinda uhai, na kwamba njia za kawaida hupimwa kwa hali ya watu, mahali na nyakati. Alikuwa akisema juu ya mashine za kupumulia, si juu ya bima. Lakini twaona fundisho lake lafaa hapa pia. Kitu cha kawaida hakiko sawa kila mahali, na kwa bei ya dola 1,349 sindano hii si njia ya kawaida kwa watu wengi wa dunia, hata ingekuwa nzuri namna gani. Katika mapatano ya Novemba 2025 ilitajwa bei ya dola 245 kwa Medicare, mgonjwa akichangia dola 50. Dawa ni ile ile. Kilichopungua ni matakwa ya muuzaji, baada ya serikali kukaa naye mezani. Kwa hiyo twadhani kwamba kuzilazimisha bima zilipe, bila kumlazimisha muuzaji ashuke, ni kumpa mfanyabiashara ufunguo wa kikapu cha wote. Haki ya mgonjwa isigeuzwe kuwa haki ya kampuni. Na ikiwa fedha hazitoshi wote, aanze yule aliye karibu na hatari, mwenye kisukari, mwenye moyo mgonjwa, mwenye magoti yaliyokwisha. Si yule aliye tayari kupiga kelele zaidi.

Kwetu Tanzania neno hili si la mbali kama linavyoonekana. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na kila mara kitita cha mafao kinapopangwa, watu fulani hukaa chumbani na kuamua ni ugonjwa gani uingie na upi ubaki nje. Utafiti wa taifa wa mwaka 2004-05 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Ule wa mwaka 2015-16 ukakuta 28. Na sisi tulikwisha kuzoea kuuona unene kuwa ni neema. Bibi arusi akinenepa, mumewe husifiwa; kitambi huitwa dalili ya mshahara; na katika miaka ya ukimwi wengi walikuogopa kukonda kuliko kitu kingine chochote. Kisha, kwa haraka ya ajabu, tumejifunza dharau ya wageni bila kuiacha sifa yetu ya zamani, hata mama mmoja huyo huyo husifiwa harusini na kuitwa tipwatipwa katika daladala.

Kwa hali ya mfuko wetu, hatudai leo sindano ya gharama iwekwe katika kitita huku mama akijifungua mahali pasipo na damu ya kumwongezea. Twadai vitu viwili tu. Cha kwanza, neno unene lisiandikwe popote kuwa sababu ya kumnyima mtu kitu ambacho mwenzake angepewa: asiambiwe na daktari, kabla ya kupimwa, kwamba maumivu yake yote ni kilo zake, arudi akikonda. Cha pili, vile vilivyo rahisi vilipiwe mapema, yaani kupimwa sukari na shinikizo la damu, na mashauri ya mtaalamu wa lishe anayejua ugali na maharage, asiyemwandikia mama wa Sumbawanga orodha ya matunda ambayo hajawahi kuyaona.

Wazazi nao wana sehemu yao, ambayo hakuna bima itakayoilipia. Mtoto anayepewa soda kila arudipo shuleni, na chipsi kwa sababu mama amechoka, afundishwa tamaa kabla ya kujua kuchagua. Hilo ni letu. Lakini mtoto huyo akiisha kunenepa asiitwe bonge na baba yake mbele ya wageni.

Tena liko jambo dogo ambalo twawaomba wauguzi waliangalie. Katika zahanati nyingi tulizofika, mizani imewekwa ukumbini, mbele ya benchi la wagonjwa, na kilo za mtu hutajwa kwa sauti ili mwenzake wa mezani aandike. Tumeona mama akifika mlangoni, akaitazama mizani, akatazama benchi, akarudi nyumbani na shinikizo lake la damu. Pazia la kanga mbili lingemrudisha.